Simu ya Kioo Kikubwa: Ilikotoka na Walioitaka

Kioo cha simu hupimwa kwa inchi, kona hadi kona, kama kioo cha televisheni. Kipimo hicho kilihamia kwenye simu pamoja na mazoea yake yote. Afrika Mashariki, ambako sebule nyingi zilitoka kwenye TV ya chogo zikaingia kwenye flati ya inchi 32, mnunuzi hakuhitaji kufundishwa kwamba inchi zikiongezeka na heshima inaongezeka. Hata hivyo, inchi za kona hudanganya. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, chenye eneo la takribani sentimita za mraba 36. Simu ya siku hizi ya inchi 6.7 ina takribani sentimita za mraba 108. Kipimo cha kona hakijafika maradufu, ilhali eneo la kioo limekuwa mara tatu. Ongezeko hilo halikuchukua hata miaka kumi na mitano, na katika miaka ya mwanzo ya kipindi hicho baadhi ya wakubwa wa biashara ya simu walikuwa wakishikilia kwamba watu hawatalikubali.

Kabla ya hapo ukubwa ulikuwa aibu. Kwa miaka ishirini ya mwanzo, maendeleo ya simu ya mkononi yalionekana kwa jinsi ilivyopungua. DynaTAC ya Motorola, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1984, ilikaribia gramu 800 na ilishikwa kama tofali. Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ilitoa StarTAC, simu ya kukunja yenye gramu 88, na aliyeichomoa kwenye mfuko wa shati alijulikana kuwa mtu mwenye uwezo wake. Waliojaribu kwenda kinyume hawakufika mbali. Simon ya IBM, iliyotoka mwaka 1994 ikiwa na kioo cha kugusa, ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, na ziliuzwa takribani 50,000 tu. Communicator ya Nokia, iliyofunguka kama kasha la miwani, ilibaki mikononi mwa mameneja.

Simu iliyowafikia wengi ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuja na tochi kichwani na kioo kilichotosha mistari michache ya SMS, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tanzania simu za ukoo huo huitwa vitochi. Kenya ni mulika mwizi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, iliwekwa kwenye menyu ya laini ya simu ili ifanye kazi katika vioo hivyohivyo. Kutuma hela hakukuhitaji picha wala rangi. Ndiyo maana kitochi hakijafa hadi leo: watu wengi hubeba simu mbili, moja ya kupigia na kufanyia miamala, nyingine ya mambo yote yaliyobaki.

Hayo yaliyobaki ndiyo yaliyokuja na simu janja. iPhone iliondoa vitufe, na tangu hapo uso mzima wa simu ukawa kioo. Mantiki ilitaka kioo kiendelee kukua, lakini Apple yenyewe haikutaka. Steve Jobs aliamini kwamba simu lazima ienee katika kiganja kimoja, kidole gumba kikifika kila kona, na Julai 2010 aliwaambia waandishi wa habari kwamba simu isiyozungukwa na mkono haitapata mnunuzi. Wakati anasema hivyo, HTC ilikuwa tayari inauza HD2 na Evo 4G, zote za inchi 4.3.

Sababu mojawapo ya kukuza simu haikuwa hata kioo. Mitandao ya 4G ilipoanza, vifaa vya kunasa mawimbi yake vilinyonya betri bila huruma. Betri kubwa ilihitaji mwili mpana, na mwili mpana ukishakuwepo, kuuwekea kioo kidogo ni upotevu. Mafundi walikuwa wakitafuta nafasi ya chaji, wanunuzi wakapata kioo.

Dell ndiyo iliyoruka mbali zaidi mapema. Streak, iliyoanza kuuzwa Uingereza Juni 2010, ilikuwa na inchi 5 na gramu 220. Vitufe vyake vilipangwa kana kwamba kifaa kitashikwa kimelala, kama kamera, na haikueleweka vizuri kama ni simu au ni tableti. Mwaka uliofuata ilikuwa imeachwa. Walioamini simu ndogo walipata ushahidi wao.

Ushahidi huo haukudumu. Septemba 2011, kwenye maonyesho ya IFA jijini Berlin, Samsung ilitoa Galaxy Note. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5.3, upana wake karibu milimita 83, uzito gramu 178. Pembeni, ndani ya tundu lake, kulikuwa na kalamu nyembamba, kitu ambacho miaka minne tu nyuma Jobs alikuwa amekichekea jukwaani. Waandishi wa Marekani na Ulaya waliifanyia mzaha: mtu akiipeleka sikioni alionekana kama anazungumza na kipande cha mkate. Hadi Agosti 2012 Samsung ilikuwa imetangaza mauzo ya milioni 10, na toleo la pili, la inchi 5.5, likawa njiani.

Swali la nani alizinunua lina maana zaidi kuliko idadi yenyewe. Nyumbani kwa Samsung, Korea Kusini, televisheni ya simu iliyorushwa bure hewani ilikuwepo tangu mwaka 2005, na abiria wa treni za chini ya ardhi walikuwa wamezoea kutazama tamthilia wakiwa wamesimama. Kwao kioo kipana kilikuwa jibu la tatizo la kila asubuhi. China kulikuwa na sababu ya maandishi: herufi za Kichina zina mikato mingi, zikibanwa husomeka kwa shida, na watu wazima wengi hupenda kuziandika kwa kidole juu ya kioo badala ya kuzitafuta kwa kibodi. India, mwishoni mwa mwaka 2012, kampuni ya Micromax ilitoa Canvas 2 ya inchi 5 kwa rupia 9,999, bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya Note, na ikaonekana kwamba kioo kikubwa si anasa ya tajiri.

Wanunuzi wa India walitofautiana na waliocheka kwa jambo moja. Mwandishi wa New York aliyeicheka Note alikuwa na kompyuta mezani, tableti kitandani na televisheni ukutani. Simu ilikuwa kifaa chake cha nne, na ilipaswa kuwa ndogo. Kijana wa mji wa pili au wa tatu wa India hakuwa na vitatu vya kwanza. Simu ndiyo ilikuwa kompyuta, sinema, redio na daftari lake, na mwenye kifaa kimoja hukitaka kiwe kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Hoja ya kiganja na kidole gumba ilikuwa hoja ya watu wenye vifaa vingi.

Apple iligundua hilo kwa kuchelewa. Mwaka 2012 ilirefusha iPhone 5 hadi inchi 4 bila kuipanua, na tangazo lake la televisheni likasifia kidole gumba kinachofika kila mahali. Nyaraka zilizowekwa wazi katika kesi yake dhidi ya Samsung mwaka 2014 zilionyesha kilichokuwa kikisemwa ndani: uchambuzi wa Aprili 2013 ulikiri kwamba soko linakua kwenye simu zenye vioo vya zaidi ya inchi 4 na kwenye simu za bei ya chini, na kwamba Apple haina hata moja kati ya hizo. Septemba 2014 zikatoka iPhone 6 ya inchi 4.7 na 6 Plus ya inchi 5.5. Milioni 10 ziliondoka katika siku tatu za kwanza. Katika robo ya mwaka iliyoishia Desemba, Apple iliuza iPhone milioni 74.5, na mapato yake kutoka China na maeneo jirani yakapanda kwa asilimia 70. Mwezi uleule wa Septemba Huawei ilitoa Mate 7 ya inchi 6, iliyopendwa sana na wafanyabiashara wa China. Simu kubwa juu ya meza ya mkutano ilikuwa imekuwa kile StarTAC ilichokuwa mfukoni mwa shati.

Afrika Mashariki ilifika kwenye kioo kikubwa kwa njia yake. Simu janja ya kwanza kupenya kwa wingi Kenya ilikuwa IDEOS ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom kuanzia mwaka 2011 kwa takribani shilingi 8,000. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8. Kwa Facebook kilitosha. Kwa video mtu alilazimika kukisogeza karibu na pua. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ya Kenya ilizima simu feki zinazokaribia milioni 1.9, na Juni 2016 Tanzania ikafanya vivyo hivyo. Waliozimiwa walirudi dukani, na walizozikuta rafuni zilikuwa Tecno, Itel na Infinix.

Majina hayo matatu ni ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, ambayo mizizi yake ni mwaka 2006 na ambayo iliamua mapema kuuza Afrika kuliko kupigania wateja wa China. Iliweka laini mbili au zaidi kwenye simu moja kwa sababu wateja wake walikuwa wakibadilisha laini kutafuta bei nafuu ya mtandao. Iliboresha kamera ili nyuso nyeusi zisigeuke kivuli. Na iliuza betri. Infinix Hot Note ya mwaka 2015 ilikuwa na inchi 5.5 na betri ya mAh 4,000 kwa bei ambayo mwalimu au dereva angeweza kuifikiria. Note 2 ya mwaka huohuo ilikaribia inchi 6. Jina lenyewe linasema kitu. Neno Note, mali ya Samsung mwaka 2011, lilikuwa tayari limechukuliwa na Redmi na Infinix kumaanisha tu simu pana. Kalamu haikuja nalo.

Kwa mnunuzi wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, kioo na betri vilikwenda pamoja. Simu nyembamba ya kifahari iliyohitaji chaji mchana haikuwa na maana mahali umeme unapokatika saa kumi na kurudi usiku. Hili mara nyingi halitajwi na wanaoeleza kupenda simu kubwa kwa kutaja sinema na michezo peke yake.

Sinema na michezo pia vina nafasi yake, lakini kila mnunuzi ana hesabu zake. Bodaboda anayefunga simu kwenye usukani hutaka ramani inayosomeka juani kwa kutupa jicho mara moja. Msusi huonyesha mitindo kwa mteja aliyeketi mbele yake, na fundi cherehani hukuza picha ya gauni hadi mshono wa bega uonekane. Katika kioo cha inchi 4 wote wawili walikuwa wakibahatisha. Muuza nguo wa WhatsApp hupiga picha, hupanga na hujibu wateja kwa kifaa kilekile, kwa hiyo kioo ndiyo duka lake. Mwanafunzi wa chuo husoma PDF za kurasa mia mbili bila kuzichapisha. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, simu ya mzazi ikageuka ubao wa darasa, na watoto wawili wakitazama kioo kimoja hutambua haraka sana kama kinatosha. Mwaka huohuo Safaricom na Google walianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo simu ya 4G ililipwa kwa shilingi 20 kila siku. Mkopo wa aina hiyo umefanya mengi kueneza simu kubwa, maana mnunuzi hulinganisha senti za siku, si bei nzima, na tofauti ya inchi moja huonekana ndogo.

Kariakoo, kwenye maduka ya Mtaa wa Aggrey, mauzo ya simu kubwa huchukua dakika chache. Simu huwa imelala kwenye kabati la kioo, karatasi ya plastiki bado iko usoni. Mteja huuliza, “Kaka, hii inchi ngapi?” Muuzaji hajibu kwa maneno tu. Huitoa, huiwasha, huigeuza ilale, hucheza video yenye bahari au mpira, kisha huiweka kando ya simu ya zamani ya mteja. “Sita nukta saba, mama. Angalia mwenyewe.” GB na chaji huulizwa baadaye, na protekta na kava hubandikwa kabla hela haijahesabiwa.

Gharama ya ukubwa hujulikana siku simu inapoanguka. Kioo kikubwa kina kingo ndefu za kugonga sakafu, na juu yake hakuna fremu nene ya kukilinda. Kwa fundi, simu hulazwa juu ya bamba la moto mpaka gundi ilegee, uzi mwembamba wa chuma hupitishwa kati ya kioo cha juu na skrini ya ndani, na mabaki ya gundi huviringishwa kwa kidole kama uji ulioganda. Kama ufa uko juu tu, simu inaokolewa kwa bei ya kuvumilika. Kama skrini ya ndani imetoa wino, na hasa kama ni ya AMOLED, bei ya kubadilisha huweza kumfanya mwenye simu arudi nayo nyumbani ikiwa na mistari yake na kuizoea.

Kundi jingine la wanunuzi halikulengwa na yeyote. Baada ya umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu hufifia. Kwenye simu ndogo mzee aliweza kukuza herufi, lakini kila mstari ukabaki na maneno mawili au matatu, na kusoma ujumbe wa ukoo mzima kwenye WhatsApp kukawa kazi ya kuvuta kioo juu bila kikomo. Inchi 6.5 huruhusu herufi kubwa na mstari mzima kwa pamoja. Watoto wanaowanunulia wazazi simu mara nyingi hudhani wanawapa anasa. Kwa kweli wanawapa miwani ya pili.

Mikono nayo ina malalamiko yake. Mwaka 2013 mbunifu Steven Hoober aliwachunguza watu zaidi ya 1,300 hadharani na kuona kwamba karibu nusu walitumia simu kwa mkono mmoja. Simu zilipokua, wengi wao walijikuta nje ya hesabu, na wanawake zaidi, kwa kuwa viganja vyao kwa wastani ni vidogo. Caroline Criado Perez aliliandika hilo katika kitabu chake cha mwaka 2019, Invisible Women. Soko lilijibu kwa viraka: pete za kubandika mgongoni, mikanda ya shingoni, kibodi inayosogezwa upande mmoja. Mkoba ulisaidia zaidi. Anayebeba simu mkobani hana ugomvi na urefu wake kama anayeibeba kwenye mfuko wa suruali.

Watengenezaji walilipunguza tatizo hilo kwa jiometri. Hadi mwaka 2016 vioo vingi vilikuwa na uwiano wa 16 kwa 9, kama televisheni. Mwaka 2017 LG G6 na Galaxy S8 zilivinyoosha hadi 18 kwa 9 na zaidi, na iPhone X ikafuata kwa kuondoa kitufe cha chini. Kioo cha inchi 5.5 cha mtindo wa zamani na cha inchi 6 cha mtindo mpya vina upana ule ule, milimita 68 na ushei. Kilichoongezeka ni urefu. Kingo nyeusi za kuzunguka kioo nazo ziliyeyuka. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: iPhone 16 Pro Max ya mwaka 2024, yenye inchi 6.9, ina upana wa milimita 77.6, pungufu ya ile Note iliyochekwa Berlin.

Note yenyewe ilipata pigo mwaka 2016, betri za toleo la 7 zilipowaka moto na Samsung ikalazimika kuiondoa sokoni miezi miwili tu baada ya kuizindua. Lililoungua ni jina la toleo moja, si hamu ya wanunuzi. Kioo kilipofikia mpaka wa mfuko, kilianza kukunjwa. Galaxy Fold, iliyotangazwa Februari 2019 kwa takribani dola 2,000, iliahirishwa baada ya vioo vya majaribio kuharibika, ikauzwa Septemba. Tecno ilileta Phantom V Fold ya inchi 7.85 mwaka 2023, na Huawei mwaka uliofuata ikauza Mate XT, inayokunjwa mara mbili na kufunguka hadi inchi 10.2. Bei za simu hizi bado zinawaweka nje wengi wa wale waliolifanya soko la kioo kikubwa kuwepo.

Simu ndogo ilipewa nafasi ya mwisho ya heshima. Mwaka 2020 Apple, ikisikia kilio cha waliochoka na simu kubwa, ilitoa iPhone 12 mini, na mwaka uliofuata 13 mini. Waliozipenda walizipenda sana, lakini hawakuwa wengi. Mwaka 2022 nafasi ya mini ilichukuliwa na iPhone 14 Plus ya inchi 6.7. Mwaka huohuo Samsung ilihamisha kalamu kwenye Galaxy S22 Ultra na kuliacha jina la Note, kwa kuwa simu zake zote kuu zilikuwa zimeshapita inchi za Note ya kwanza. iPhone 13 mini iliondolewa kwenye maduka ya Apple Septemba 2023. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5.4, sehemu moja ya kumi ya inchi zaidi ya kile cha Galaxy Note ya mwaka 2011.